Dawa ya macho, lakini ya ugonjwa gani?

Mtu akisema "dawa ya malaria", msikilizaji anaujua ugonjwa unaotajwa. Akisema "dawa ya minyoo", kadhalika. Lakini anaposema "dawa ya macho", hajataja ugonjwa wowote. Ametaja kiungo cha mwili tu. Ni sawa na mchuuzi anayetangaza kwamba anauza "kipuri cha gari" bila ya kueleza iwapo ni cha breki, cha injini au cha taa. Hakuna dereva mwenye akili timamu atakayekinunua. Hata hivyo, wazee wetu hapa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha wananunua "dawa ya macho", tena kwa bei ghali, na aghalabu sisi wana na wajukuu wao tuliosoma ndio tunaowafasiria maandishi yaliyo kwenye chupa.

Dawa ninazozikusudia hapa si matone anayoyatoa daktari. Nazungumzia vidonge vya virutubisho: vitamini, madini, rangi zinazotolewa katika mboga, na mafuta ya samaki, vyote vikiwa vimetiwa katika chupa yenye picha ya jicho linalong'aa. Vinauzwa katika maduka ya dawa, vinatangazwa redioni, na vinatembezwa na mawakala kutoka nyumba hadi nyumba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, tusiitumie methali kama hukumu ya mahakama, kwa sababu baadhi ya vidonge hivi vina msingi wa kweli wa kisayansi. Hoja yangu ni kwamba msingi huo ni mwembamba mno kuliko maneno yanayojengwa juu yake. Kidonge kilichothibitishwa kina kazi moja, katika ugonjwa mmoja, tena katika hatua maalumu ya ugonjwa huo. Anayekiuza kama dawa ya macho kwa jumla anamnyang'anya mzee fedha zake na, yamkini, hata huo mwanga wa macho uliobaki.

Mimi si daktari wa macho. Ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni maneno. Ninathubutu kuliingilia jambo hili kwa sababu naona kwamba madhara yake huanzia katika msamiati. Mzee anapolalamika kwamba haoni vizuri, sisi humjibu kwa kauli moja: "Ni macho ya uzee." Kauli hiyo huyatia magonjwa matatu yasiyohusiana katika kapu moja, na muuzaji wa vidonge hupata mlango ulio wazi.

Hebu tuyatenganishe. Ugonjwa wa kwanza ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma kidogo ya mboni, mna lenzi iliyo angavu kama kioo. Umri unaposonga, lenzi hiyo huanza kuwa na ukungu, na mtu huona kana kwamba anatazama kupitia dirisha lililotanda mvuke. Dawa ya ukungu huo ni upasuaji: lenzi iliyochakaa huondolewa na ya bandia kutiwa mahali pake. Lenzi ya bandia ya kwanza ilitiwa mjini London na daktari Harold Ridley mwaka 1949, na tangu hapo upasuaji huu umekuwa miongoni mwa unaofanywa kwa wingi zaidi duniani. Mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyepofuka anaweza kuona tena.

Ugonjwa wa pili ni glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Huu huiharibu neva inayopeleka habari kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Huanza kimyakimya, bila ya maumivu, na kwa kawaida hula pembeni mwa uwezo wa kuona kabla ya kufika katikati. Kilichopotea hakirudi. Tiba ya matone, ya miale ya leza au ya upasuaji hulinda kilichosalia tu. Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila ya tiba ni hasara isiyolipika.

Ugonjwa wa tatu hauna hata jina lililozoeleka katika Kiswahili, na hapo ndipo kwenye kiini cha makala haya. Nyuma kabisa ya jicho mna utando unaopokea mwanga, uitwao retina. Katikati ya utando huo pana sehemu ndogo yenye rangi ya manjano. Sehemu hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma, kutia uzi katika tundu la sindano, na kutambua uso wa mtu. Wataalamu waliipa jina la Kilatini lenye maana ya doa la manjano. Kwa baadhi ya watu, doa hilo huchakaa uzeeni. Mgonjwa huona mstari ulionyooka ukiwa umepinda, kisha katikati ya kile anachokitazama hujitokeza kiwi au shimo jeusi. Huendelea kuona pembeni, hata akaweza kutembea bila ya kujikwaa, ila hamtambui anayemsalimu. Napendekeza tuuite ugonjwa huu uchakavu wa doa la manjano. Kama msomaji analo jina bora zaidi, na alilete. Muhimu ni kwamba tuwe nalo.

Wapo watakaosema kwamba huo wa tatu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa miaka mingi hata wataalamu walidhani ni nadra miongoni mwa Waafrika. Jibu lilitoka papa hapa kwetu. Mwaka 2005 watafiti waliwapima takriban watu 3,500 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika Wilaya ya Nakuru ya wakati huo, wakagundua kwamba chanzo kikuu cha upofu kilikuwa mtoto wa jicho. Kisha, kati ya Januari 2007 na Novemba 2008, ukafanywa uchunguzi mkubwa zaidi, ukiwashirikisha watu 4,414 wa umri huohuo. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa daktari wa macho Mkenya, Wanjiku Mathenge. Picha za nyuma ya jicho zilipigwa na kusomwa na wataalamu, na mwaka 2013 matokeo yakachapishwa: katika kila watu 100 wa umri huo, takriban 11 walikuwa na dalili za mapema za uchakavu wa doa la manjano, na mmoja hivi alikuwa katika hatua ya mwisho. Mwaka 2013 na 2014 watafiti walirudi vijijini kuwatafuta watu walewale ili waone yaliyowapata.

Msomaji atambue uzito wa jambo hili. Wazee wa Nakuru waliketi mbele ya kamera, wakatiwa matone ya kupanua mboni, wakawasaidia wanasayansi wa dunia nzima kujua kwamba ugonjwa huu unatuhusu na sisi. Ni aibu iliyoje kwamba nakala za utafiti huo zinasomwa London na Boston, ilhali mjukuu wa mzee yuleyule aliyepimwa hana neno la Kiswahili la kumwelezea babu yake kilichoonekana!

Sasa tukigeukie kidonge. Mnamo 1992 Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilianza jaribio lililojulikana kwa ufupisho wa AREDS. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini na madini ya zinki pamoja na shaba kidogo, na wengine wakapewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa, yaani wenye uchakavu wa hatua ya kati katika jicho moja au yote mawili, au wa hatua ya mwisho katika jicho moja, mchanganyiko huo ulipunguza uwezekano wa ugonjwa kuendelea kwa takriban robo. Kwa hesabu ya darasani: katika kipindi cha miaka 5, kati ya kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, 28 walifikia hatua ya mwisho; kati ya waliopewa mchanganyiko kamili, ni 20. Hayo ni manufaa ya kweli, wala hayastahili kubezwa.

Lakini jaribio hilohilo lilitwambia mambo mengine ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye chupa. Kwanza, wenye dalili za mapema tu au wasio na ugonjwa hawakuonekana kufaidika. Pili, mchanganyiko huo haukumzuia wala kumpunguza mtoto wa jicho. Tatu, haukumrudishia mtu uwezo wa kuona uliokwisha kupotea. Kazi yake ilikuwa kupunguza kasi ya kuharibika. Nne, zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 walioshiriki walikuwa Wazungu, kwa hiyo hata manufaa hayo tunayachukua kwa makadirio tunapoyaleta Subukia au Elburgon. Glakoma haimo kabisa katika habari hii. Hakuna vitamini inayoweza kuchukua nafasi ya matone ya glakoma.

Kuna jambo jingine linalomhusu mvutaji wa sigara. Mwaka 1994 watafiti wa Finland waliripoti jambo ambalo hawakulitarajia: walipowapa beta-karotini wanaume wavutaji sigara, saratani ya mapafu iliongezeka badala ya kupungua. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Ndiyo maana katika jaribio la pili la macho, lililoanza mwaka 2006 na kutangazwa mwaka 2013, beta-karotini ilijaribiwa kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na rangi mbili za mimea, luteini na zeazanthini. Mchanganyiko mpya ulifanya kazi angalau sawa na wa zamani, bila ya hatari ile. Mafuta ya samaki yalijaribiwa pia, yakaonekana kuwa hayaongezi chochote. Licha ya hayo, mzee aliyevuta sigara kwa miaka 30 anaweza leo kuuziwa chupa yenye beta-karotini, au chupa ya mafuta ya samaki iliyoandikwa kwamba ni ya macho, na asiwepo wa kumuuliza swali hata moja.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponihitaji. Itazameni lugha ya chupa hizi, walimu wenzangu, kama vile mnavyowatazamisha wanafunzi wenu lugha ya matangazo katika somo la Kiswahili. Chupa nyingi haithubutu kusema "hutibu". Husema kwamba kidonge "huunga mkono afya ya macho". Kitenzi hicho kimechaguliwa na mwanasheria. Hakiahidi lolote linaloweza kupimwa. Kisha chupa hufika mikononi mwa wakala, ambaye hukigeuza kitenzi hicho kuwa "husaidia macho". Kutoka kwa wakala, neno humfikia jirani, naye husema "hutibu macho". Linapomfikia nyanya aliyeketi barazani, limekuwa "huondoa mtoto wa jicho bila ya kupasuliwa". Hakuna yeyote katika mlolongo huo aliyejihesabu kuwa mwongo. Kila mmoja aliongeza kidogo tu, lakini ukweli uliokuwa mwanzoni haupo tena mwishoni.

Kiswahili kina hazina ya vitenzi inayotosha kabisa kuuzuia upotofu huo. Kukinga si kutibu. Kutibu si kuponya. Kupunguza kasi si kusimamisha. Kusimamisha si kurudisha. Mwanafunzi wa sekondari anayeweza kutofautisha kauli ya kutendesha na ya kutendeka hana sababu ya kushindwa kumweleza bibi yake tofauti hizi nne. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya chupa aliyonunuliwa nyanya yake, akitaka nimtafsirie. Tuliketi tukaisoma yote. Hapakuwa na sentensi hata moja iliyodai kwamba kidonge kile kinatibu kitu chochote, lakini familia nzima ilikuwa inaamini kwamba kinatibu. Niliuliza nyanya huyo anaugua nini hasa. Mwanafunzi akajibu, "Macho, mwalimu." Hakuwa amepimwa. Familia ilikuwa ikichanga shilingi elfu kadhaa kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa usiojulikana.

Ninalisikia jibu la wanaovitetea vidonge hivi: "Hata kama havisaidii, havidhuru." Jibu hilo linavutia, lakini halisimami. Zinki ya kiwango kikubwa kama kile cha jaribio huweza kumpunguzia mtu shaba mwilini na kumletea upungufu wa damu. Ndiyo sababu watafiti waliongeza shaba katika mchanganyiko wao. Habari ya beta-karotini na wavutaji sigara nimekwisha kuieleza. Fauka ya hayo, madhara makubwa kuliko yote ni ya muda. Mwenye mtoto wa jicho anayemeza vidonge kwa miaka 3 amekaa gizani miaka 3 bila ya sababu. Mwenye glakoma aliyefanya hivyo amepoteza kisichorudi. Na hata mwenye uchakavu wa doa la manjano anaweza kudhurika: ipo aina ya ugonjwa huo ambapo mishipa mibovu ya damu humea chini ya retina na kuvuja. Aina hiyo hutibiwa kwa sindano zinazodungwa ndani ya jicho, na mafanikio hutegemea kuwahi. Anayeambiwa "maliza chupa mbili kwanza" anaweza kufika kwa daktari wakati nafasi hiyo imekwisha kupita.

Imani kwamba vitamini ni dawa ya macho haikuzuka hivihivi. Ina mizizi katika ukweli mwingine. Upungufu wa vitamini A huwapofusha watoto wadogo, na ndiyo sababu katika kliniki zetu watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini hiyo kila baada ya miezi 6. Huo ni ugonjwa wa utapiamlo, na vitamini ndiyo tiba na kinga yake. Kisha wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilieneza habari kwamba marubani wake waliwaona maadui gizani kwa sababu ya kula karoti, wakati ambapo kwa hakika walikuwa na mitambo ya rada. Habari hiyo ilivuka bahari ikatufikia, na leo kila mtoto wa Njoro anajua kwamba karoti ni ya macho. Karoti ni chakula kizuri. Lakini anayempa babu karoti ili kumwondolea mtoto wa jicho anautibu ugonjwa wa mjukuu kwa babu.

Tukitaka somo la kweli kuhusu chakula na jicho, mfano tunao mlangoni petu. Heroe, ndege wa waridi walioipatia Nakuru sifa duniani kabla ya maji ya ziwa kupanda na wengi wao kuhamia Bogoria na kwingineko, hawazaliwi na rangi ile. Vifaranga vyao ni vya kijivu. Rangi huwaingia kutokana na viumbe vidogo vya majini wanavyovila, ambavyo vina rangi za jamii ya karotini. Jicho la binadamu lina tabia kama hiyo. Umanjano wa lile doa la retina unatokana na luteini na zeazanthini, na mwili wetu hauwezi kuzitengeneza, sharti tuzile. Majina yenyewe yanaeleza mengi. Luteini linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya manjano. Zeazanthini limeunganishwa kutokana na Zea, jina la kisayansi la mahindi, na neno la Kigiriki lenye maana ya manjano. Kwa hiyo zeazanthini, ile inayouzwa ghali ndani ya chupa, kwa tafsiri ni "umanjano wa mahindi".

Mahindi ya manjano! Wakenya wa rika langu na walionitangulia huyakumbuka kwa chuki, kwa sababu yaliletwa kutoka ng'ambo wakati wa njaa ya mwaka 1984, nasi tukayahesabu kuwa chakula cha mashaka. Mahindi meupe tunayoyapenda karibu hayana rangi hizo kabisa. Hata hivyo, hatukukosa pa kuzipata. Mboga za majani ya kijani yaliyokolea ndizo zenye luteini nyingi kuliko karibu vyakula vingine vyote: sukuma wiki, spinachi, terere, managu, kunde na majani ya malenge. Mnamo 1994 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Johanna Seddon waliripoti kwamba waliokula kwa wingi vyakula vya jamii ya karotini walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuugua uchakavu wa hatua ya mwisho, na mboga zilizojitokeza zaidi zilikuwa spinachi na ile inayofanana na sukuma wiki yetu. Zikikaangwa kwa mafuta kidogo, mwili huzipokea rangi hizo vizuri zaidi. Kiini cha yai nacho kinazo.

Nisieleweke vibaya. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano. Hauthibitishi kwa uzito ule wa jaribio la kugawanya watu kwa bahati nasibu. Sukuma wiki haitachukua nafasi ya mchanganyiko ule kwa mtu ambaye daktari amemwona ana uchakavu wa hatua ya kati, kwani kiwango cha zinki na vitamini kilichojaribiwa hakipatikani kwa chakula. Huyo, akishauriwa na daktari, na anunue kidonge sahihi, na ale mboga pia. Ila kwa sisi wengine wote ambao hatujaugua, fungu la mboga kutoka sokoni lina hoja nzuri kuliko chupa, na kuacha sigara kuna hoja bora kuliko vyote viwili, maana miongoni mwa mambo tunayoweza kuyabadilisha, uvutaji ndio unaoongoza kwa kuuchochea ugonjwa huu.

Tufanye nini basi? Walimu wana uwezo wa kufanya jambo wiki hii hii, bila ya kungoja waraka wa wizara. Chukueni karatasi ya grafu inayotumiwa katika somo la hesabu. Mwanafunzi achore mraba wa sentimita 10 kwa 10 wenye mistari iliyonyooka ya vyumba vidogo, kisha atie nukta nyeusi katikati. Jioni ampelekee mzee nyumbani. Mzee avae miwani yake ya kusomea kama anayo, aishike karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, afunike jicho moja, aitazame nukta. Kisha abadilishe jicho. Akiona mistari imepinda, imekatika, au pana mahali palipofutika, apelekwe kwa mtaalamu wa macho haraka. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari wa Uswisi, Marc Amsler. Hakigundui glakoma wala mtoto wa jicho, na mistari ikionekana imenyooka haina maana kwamba macho ni mazima. Lakini kitamfunza mwanafunzi kwamba jicho lina sehemu, na kila sehemu ina ugonjwa wake.

Pili, tuwafunze vijana maswali manne ya kumuuliza yeyote anayeleta chupa nyumbani. Ugonjwa unaitwaje? Nani aliyeupima, na kwa kuangalia nini? Kidonge hiki kinakinga, kinatibu, au kinapunguza kasi? Na anayekimeza, je, amewahi kuvuta sigara? Muuzaji mwaminifu atayajibu au atakubali kwamba hana jibu. Mwingine atatafuta nyumba nyingine.

Tatu, serikali iheshimu maandishi yake yenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, sioni sababu ya bidhaa inayouzwa kwa mzee wa Bahati kuwa na maelezo katika lugha asiyoisoma. Chupa iandikwe kwa Kiswahili sanifu: ni ya ugonjwa gani, ya hatua gani, si ya ugonjwa gani, na nani asiitumie. Bodi ya Dawa na Sumu iwasikilize wataalamu wa lugha, nao wataalamu wa lugha watoke maktabani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi ya namna hiyo tunapaswa kuiendeleza hadi kwenye magonjwa ya uzeeni, ili muuguzi wa zahanati na mgonjwa wake wawe na maneno wanayoelewana.

Uchunguzi wa macho unapatikana katika hospitali kuu ya Nakuru, na kutoka Njoro au Bahati ni safari ya matatu moja. Mzee wako akilalamika kwamba haoni, usimwambie ni uzee, wala usimletee chupa. Mpeleke apimwe, na kabla ya kutoka mlangoni kwa daktari uliza jina la ugonjwa, uliandike, na umweleze mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Ni haki yake kujua kinachomzimia taa.